Duka liko Moshi, mimi niko Arusha: kwa nini kompyuta ya duka haifunguki kwa mbali?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina duka la vifaa vya ujenzi Moshi, ila naishi Sakina, Arusha. Kompyuta ya duka ni ya mezani, ina Windows 10 Pro na programu ya hesabu na stoo. Kwa muda mrefu nilikuwa naifungua nikiwa nyumbani kwa Remote Desktop, ile ya Windows ya kutumia kompyuta ukiwa mbali, bila shida. Tangu tulipoacha intaneti ya faiba na kuweka ruta ya 4G ili kupunguza gharama, imegoma. Inaniambia haiwezi kuungana na kompyuta ya mbali. Nikienda dukani na laptopu yangu, nikiwa kwenye waifai ya pale, inafunguka mara moja. Fundi ameshafungua poti 3389, yaani mlango wa Remote Desktop, kwenye ruta mara mbili, na sasa anasema Windows imeharibika, tufute kila kitu tuweke upya. Kwenye ukurasa wa ruta nimeona anwani ya intaneti inayoanza na 10. Tena, hata zamani nikiingia mimi, mhudumu wa kaunta alikuwa anatolewa. Na umeme ukikatika usiku, asubuhi siipati mpaka mtu aiwashe. Nifanyeje?

JIBU: Salama, dada, na pole kwa usumbufu. Kabla ya jambo lingine lolote, mwambie fundi asiguse Windows. Kufuta kompyuta yenye hesabu za duka ni hatua ya mwisho kabisa, na kwako hata hatujaikaribia. Kompyuta yako ni nzima, na ushahidi umeuandika wewe mwenyewe: ukiwa kwenye waifai ya duka inafunguka mara moja. Maana yake Remote Desktop imewashwa, nenosiri ni sahihi, jina la mtumiaji ni sahihi, na fayawoli ya Windows, yule mlinzi wa miunganisho ya mtandao, inaruhusu. Toleo lako nalo ni lenyewe, kwa sababu Windows Home hutumika kwenda kwenye kompyuta nyingine lakini haipokei mgeni wa Remote Desktop, Pro inapokea. Tatizo liko njiani, kati ya Sakina na ruta ya Moshi.

Njia hiyo imekatikia wapi? Hiyo 10 uliyoiona ndiyo jibu. Anwani zinazoanza na 10, na 192.168, na zile za 172.16 mpaka 172.31, ni za ndani. Haziendeki kutoka nje. Kuna kundi jingine, 100.64 mpaka 100.127, lililotengwa mwaka 2012 mahsusi kwa watoa huduma wanaoweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Kwenye laini za simu hilo ni jambo la kawaida, kwa kuwa anwani za umma za mfumo wa zamani wa IPv4 ni chache na wateja ni wengi mno. Ni kama wanafunzi wa bweni wanaotumia S.L.P. moja ya shule: barua zao za kutoka zinakwenda popote, lakini barua ikija na namba ya sanduku peke yake, hakuna wa kujua ni ya nani. Ombi lako kutoka Sakina linaishia kwenye mitambo ya mtoa huduma. Ruta yako haijawahi hata kuliona, kwa hiyo fundi afungue poti mara mbili au mara ishirini, hakuna kitakachobadilika. Faiba ya zamani lazima ilikuwa na anwani ya umma, ndiyo maana kazi ile ile ilifanikiwa wakati ule.

Kama unataka kuthibitisha kwa macho yako, ukiwa dukani fungua ukurasa wa ruta uandike anwani ya intaneti inayoonyeshwa pale. Kisha, kwenye kompyuta hiyo hiyo, fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya IP. Zikitofautiana, uko nyuma ya anwani ya pamoja. Kipimo cha pili ni PowerShell, dirisha la kuandikia amri kwenye Windows ya laptopu yako. Andika Test-NetConnection, acha nafasi, weka anwani ya kompyuta ya duka, acha nafasi tena, kisha -Port 3389. Mstari wa mwisho unaosema TcpTestSucceeded ndio wa kuangalia. Dukani utapata True, Sakina utapata False. Kwa vipimo hivi viwili huhitaji kubishana na mtu.

Sasa niseme wazi: nimefurahi kwamba poti hiyo haifikiki. Poti 3389 iliyoachwa wazi kwenye intaneti hupatikana na roboti za wezi, zikaanza kujaribu majina na maneno ya siri usiku na mchana, na virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia vimeingilia mlango huo mara nyingi. Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka cha dharura, yaani marekebisho ya programu, kwa udhaifu wa Remote Desktop ulioitwa BlueKeep, uliomwezesha mshambuliaji kuingia bila nenosiri lolote, na ikatoa kiraka hicho hata kwa Windows XP iliyokuwa imeshaachwa zamani. Windows 10 haikuwa na udhaifu ule. Lakini msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo usikae nayo kwa kuizoea. Kubadilisha 3389 kuwa namba nyingine, kama wengi wanavyoshauriwa, hakuzuii kitu. Roboti hupekua namba zote.

Kwa kuwa wakati wa faiba mlango ulikuwa wazi, naomba ufanye ukaguzi mmoja. Kwenye kompyuta ya duka fungua Event Viewer, daftari la kumbukumbu za Windows, ingia Windows Logs, kisha Security, uchuje namba 4625. Hayo ni majaribio ya kuingia yaliyokataliwa. Kama kumbukumbu za kipindi kile hazijafutika, ukakuta mamia ya majaribio kwa majina kama admin au test, ujue walikuwa wanabisha. Kisha chuja 4624, yaani walioingia kweli, uangalie zile za aina ya 10, ambazo ni za Remote Desktop. Tarehe na saa zote ziwe zako. Ukiona ya saa nane usiku na wewe ulikuwa umelala, chomoa kompyuta kwenye mtandao unipigie kabla ya kufanya chochote.

Suluhisho ninalokushauri ni kuacha kutafuta njia ya kuingilia kwenye ruta, na badala yake uziweke kompyuta zote mbili kwenye mtandao binafsi wa VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti. Kwa hali yako ningetumia programu ya VPN iitwayo Tailscale. Kila kompyuta inatoka yenyewe kwenda nje, na kutoka hakuzuiliwi na anwani ya pamoja, kisha zinakutana na kuzungumza kwa usimbaji wa WireGuard, yaani kwa lugha ya siri ambayo mtu wa katikati haisomi. Isakinishe kwenye kompyuta ya duka na kwenye laptopu, uingie kwa akaunti moja kwenye zote mbili. Akaunti hiyo iwe yako, si ya fundi wala ya mhudumu, na uiwekee uthibitisho wa hatua mbili. Kila kompyuta itapewa anwani inayoanza na 100. Hiyo ya duka ndiyo utakayoiandika kwenye Remote Desktop ukiwa Sakina, Njiro, au Dar es Salaam. Mpango wake wa bure ni wa matumizi binafsi, kwa hiyo soma masharti yao uchague unaofaa kwa biashara.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyasahau, halafu wanalalamika kwamba Tailscale imekufa. La kwanza: kwenye mipangilio yake ya Windows washa Run unattended. Bila hiyo, kompyuta ikizima na kuwaka bila mtu kuingia kwenye akaunti ya Windows, Tailscale inakaa kimya na wewe huipati. Kwa duka lako ambalo umeme hukatika usiku, hicho ndicho kitufe muhimu kuliko vyote. La pili: ruhusa ya kila kompyuta huisha baada ya siku 180, isipokuwa umeingia kwenye ukurasa wa usimamizi na kuzima ukomo huo. Uzime kwa kompyuta ya duka peke yake. Laptopu unayotembea nayo iache na ukomo wake, maana inaweza kuibwa.

Baada ya hapo ikikataa, rudia Test-NetConnection kwa ile anwani ya 100. Ikitoa False wakati Tailscale inaonyesha kompyuta ya duka iko hewani, fungua orodha ya programu zinazoruhusiwa na fayawoli, uhakikishe Remote Desktop imewekewa alama kwa mtandao wa Private na wa Public. Ikitoa True lakini nenosiri linakataliwa, kumbuka kwamba ile PIN ya tarakimu chache unayofungulia kompyuta ukiwa mbele yake haifanyi kazi hapa. Linatakiwa nenosiri lenyewe. Akaunti isiyo na nenosiri kabisa nayo hukataliwa.

Njia nyingine ni kumwomba mtoa huduma anwani ya umma ya kudumu. Wengine huwa nayo kwa wateja wa biashara, kwa malipo ya ziada. Lakini hata ukiipata bado utahitaji VPN juu yake, kwa hiyo sioni sababu ya wewe kuilipia.

Suala la mhudumu kutolewa si hitilafu. Windows Pro inaruhusu mtu mmoja tu kwenye kikao kwa wakati mmoja. Ukiingia wewe, kioo cha kaunta kinajifunga. Kazi yake haipotei, ila mteja aliyesimama na orodha ya nondo na saruji anasubiri. Kuna vijiprogramu vinavyozungushwa mitaani vya kuruhusu watu wawili. Usiviweke: vinakiuka leseni ya Windows, na Windows ikijisasisha vinaweza kukatika. Kama unachotaka ni kuona anachofanya na kumwelekeza, tumia programu ya kuonyeshana kioo kama AnyDesk au RustDesk, ambayo nayo hupita nyuma ya anwani ya pamoja bila shida. Soma masharti ya biashara hapo pia. Toleo la bure la TeamViewer, kwa mfano, hukata mazungumzo likihisi matumizi ya biashara. Na mweleze mhudumu wako kwa msisitizo kwamba mtu akipiga simu akijitambulisha kuwa wa benki au wa kampuni ya simu, akaomba ile namba ya AnyDesk inayotumika kuingia kwenye kompyuta, akate simu hapo hapo.

Lakini kama unaingia kila siku kuangalia mauzo wakati duka liko wazi, dawa halisi ni kompyuta ya pili, hata iliyotumika, ikae ofisini nyuma ya duka. Programu nyingi za hesabu zina toleo la watumiaji wengi kwenye mtandao wa ndani. Kaunta inaendelea na yake, wewe unaingia kwenye ile ya nyuma. Usijaribu kuiweka programu kwenye laptopu yako na kufungua kanzidata ya Moshi moja kwa moja kupitia VPN. Mafaili ya hesabu hayavumilii mtandao unaokatika katikati ya kuandika, na yanaweza kuharibika.

Umeme nao una mipangilio yake. Ingia kwenye BIOS ya kompyuta ya duka, kile kioo cha mwanzo kabla Windows haijaanza, utafute sehemu ya umeme iliyoandikwa Restore on AC Power Loss au After Power Failure, uweke Power On. Umeme ukirudi, kompyuta itawaka yenyewe. Ndani ya Windows weka Sleep iwe Never. Kioo kizime, kompyuta ibaki macho. Ukiweza kununua UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, chomeka na ruta humo humo, kwa sababu kompyuta inayowaka bila ruta haikusaidii kitu.

Mpangilio huo wa BIOS ukijifuta baada ya siku chache, au ukikuta tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa, betri ndogo ya ubao mkuu imekufa. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032, ya duara kama sarafu, na fundi huibadilisha kwa dakika chache. Usiidharau. Saa ikiwa imepotea sana, Remote Desktop inaweza kukataa kuungana ikidai tofauti ya muda kati ya kompyuta mbili, na watu huhangaika na nenosiri siku nzima kumbe kosa ni tarehe.

Mwendo ukiwa mzito, kabla ya kuungana bonyeza Show Options, chini ya Display punguza rangi ziwe biti 16, na chini ya Experience chagua kasi ya chini ili picha za mapambo zisitumwe. Bando litadumu zaidi pia.

Ukishaona mambo yanakwenda, futa ile kanuni ya 3389 kwenye ruta na ubadilishe nenosiri la ruta lenyewe, kwa kuwa fundi analijua. Bado ikigoma, nitumie mistari yote ya Test-NetConnection kama ilivyotoka, ya dukani na ya Sakina, pamoja na saa uliyojaribu.