Kumbukumbu za kuigiza filamu za bei chee: kwa nini hazichekeshi

Habari mkuu. Unasema sura za kitabu chako cha kumbukumbu za kuigiza filamu za bajeti ndogo ni za kweli, ila msomaji hacheki. Kagua vivumishi kwanza: futa kila "kichekesho" na "ajabu", weka kitu chenyewe. Mfano, damu bandia ya The Evil Dead (1981), filamu ya kutisha ya bajeti ndogo, ilikuwa shira ya mahindi, rangi ya chakula na krima ya unga ya kahawa. Ikikauka, shati linakakamaa mwilini. Hapo huhitaji kuongeza utani.

Halafu mjinga wa tukio awe wewe. Ukimcheka mbeba taa aliyelipwa kidogo kuliko wewe, msomaji anahamia upande wake. Malipo yaandike kwa tarakimu: ulichoahidiwa, ulichopewa, nauli. Prodyuza anayekudai au unayemdai, usimtaje jina.