Safari ndefu ya baiskeli peke yako: anza na gurudumu la nyuma

Wanaojiandaa kwa safari ya wiki kadhaa kwa baiskeli huumiza kichwa sana kuchagua hema. Ni vizuri, lakini hema likivuja utalala umelowa na kesho yake utalianika. Gurudumu la nyuma likiharibika mahali pasipo na mtu, hapo ndipo safari inaposimama, na ukiwa peke yako hakuna mwenzio wa kukuazima kifaa alichobeba. Kila kinachoweza kukusimamisha lazima uweze kukirekebisha kwa mikono yako na vifaa ulivyobeba.

Gurudumu la nyuma hubeba zaidi ya nusu ya uzito wako na, kwa wengi, karibu mzigo wote. Spoki ya hapo haikatiki kwa kuvutwa sana; hukatika kwa kuchoka. Kila gurudumu linapozunguka, spoki inayofika chini hulegea kidogo, kisha ikakaza tena. Ile ambayo haikukazwa vya kutosha hulegea kupita kiasi, inacheza kwenye kona yake pale inapoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na baada ya maelfu ya mizunguko inakatika kwenye kona hiyo hiyo. Ndiyo maana kuweka spoki nene tu hakusaidii kama fundi hakuzikaza sawasawa.

Kwa mzigo mzito tafuta gurudumu lenye spoki 36. Spoki 32 zinatosha mtu mwepesi mwenye mzigo mdogo. Zigonge kwa ukucha moja baada ya nyingine: za upande mmoja zinapaswa kutoa mlio unaokaribiana. Inayotoa mlio mzito kuliko wenzake imelegea. Fundi akishazikaza, panda baiskeli ikiwa na mzigo kamili kwa kilomita mia moja au mbili, kisha mrudishie azikague tena. Usiruke hatua hii, maana ni baada ya mzigo kukaa ndipo kasoro za kazi yake zinapoonekana.

Beba spoki za akiba sita, na uzipime kabla ya kununua. Kwenye gurudumu la nyuma, spoki za upande wa gia kwa kawaida ni fupi kwa milimita chache kuliko za upande wa pili, na za mbele zina urefu wao. Zifunge kwa utepe kwenye bomba la fremu. Sasa ndipo wengi wanapokwama: spoki ya upande wa gia ikikatika, huwezi kuingiza mpya bila kwanza kung'oa gia za nyuma, na kazi hiyo inahitaji kifunguo chake maalumu. Spoki za akiba bila kifunguo hicho ni mzigo wa bure kwa upande huo. Jifunze kuzing'oa nyumbani, kwa utulivu, si kando ya barabara jua likizama.

Ikiwa huna namna ya kubadilisha, bado unaweza kufika kijiji kinachofuata. Spoki ya kulia ikikatika rimu huvutwa kushoto, kwa hiyo legeza zile mbili za kushoto zinazopakana nayo, nusu mzunguko kwa mara moja, hadi rimu iache kugusa breki au fremu. Hamishia mzigo mbele na uende polepole. Usijaribu kuinyoosha rimu kwa kukaza zilizobaki kwa nguvu, kwa sababu utakata nyingine.

Baada ya gurudumu, keria. Boliti zake hulegezwa na mtikisiko, na zile mbili za chini ndizo zinazobeba mzigo. Zipake gundi ya nyuzi za boliti, ile inayofunguka kwa spana ya kawaida, na uziguse kila asubuhi kabla ya kuondoka. Nyingi ni za ukubwa wa M5, yaani kipenyo cha milimita 5, kwa hiyo beba nne za akiba. Mzigo wenyewe upime kwa mizani: kilo 15 hadi 20 bila chakula na maji ni kiasi kinachobebeka. Weka vizito chini, na baadhi mbele. Ukirundika vyote nyuma, usukani utatikisika kwenye mteremko na gurudumu la mbele litakuwa jepesi mno kwenye mlima.

Kuhusu gia, hakikisha ile nyepesi kabisa ina meno machache mbele kuliko nyuma. Meno 26 mbele na 36 nyuma, ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, yanakupeleka karibu kilomita 5.6 kwa saa, mwendo ambao bado baiskeli haiyumbi. Mnyororo upime kwa rula: kuanzia katikati ya pini, pingili 24 mpya ni milimita 304.8. Ikifika karibu 306.5 ubadilishe, kabla haujaanza kula gia.

Tairi za upana wa milimita 40 hadi 50 zinafaa barabara mbovu. Ukipata pancha, usikimbilie kiraka. Mistari miwili ya mpasuko iliyo sambamba inamaanisha upepo ulikuwa mdogo na rimu imebana tyubu. Tundu upande wa ndani, unaotazama rimu, linatokana na kichwa cha spoki au utepe wa rimu uliosogea. Tundu upande wa nje lina mwiba wake, ambao pengine bado umo ndani ya tairi. Pitisha vidole taratibu mpaka uupate. Solusheni ikishafunguliwa hukauka ndani ya mrija, kwa hiyo beba miwili, mmoja ukiwa bado umefungwa.

Siku za mwanzo panga kilomita 60 hadi 80, si zaidi, na upumzike siku moja kila wiki. Kwenye joto hesabu nusu lita hadi lita moja ya maji kwa saa ya kuendesha, pamoja na lita mbili au tatu za kupikia na kunawa usiku. Maji ya mtoni yachemshe hadi yatokote dakika moja, na dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Chujio la maji la nyuzi likishatumika lisigande kwa baridi: nyuzi hupasuka bila kuonekana na vijidudu hupita. Usiku wa barafu lala nalo ndani ya mfuko wa kulalia.

Anza kutafuta mahali pa kulala saa mbili kabla ya jua kuzama. Anayetafuta gizani huishia kwenye korongo kavu, ambako mvua iliyonyesha mbali inaweza kuleta mafuriko, au chini ya tawi lililokufa. Kaa angalau mita 60 kutoka kwenye maji, mahali palipoinuka kidogo, ukiwa huonekani kutoka barabarani. Palipo na mashamba au nyumba, omba ruhusa. Jiko liwashwe nje kila mara, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksidi inayotoka humo haina harufu na huua ndani ya hema lililofungwa.

Mwisho ni mtu wa nyumbani. Mwachie njia yako ya kila siku na mkubaliane saa ya ujumbe, tuseme saa mbili usiku. Mkubaliane pia, kwa maandishi, cha kufanya usiposikika: asubiri saa ngapi, ampigie nani, na aanze kukutafuta kutoka sehemu gani ya barabara. Mtandao hukatika mara nyingi, hivyo muda wa kusubiri uwe mrefu vya kutosha, saa 24 kwa mfano. Ukibadili njia, mwambie kabla hujaiacha ile ya kwanza.