Ukitaka kuandika historia ya shule yenu, usianze na kibao cha getini

Kibao cha getini kwetu, hapa Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, kina mwaka ulioandikwa kwa rangi ya buluu. Nimepita chini yake tangu nikiwa mwanafunzi, na sasa napita kama mwalimu wa historia, wala sikuwahi kujiuliza nani aliuandika na aliutoa wapi. Prefe, yaani mkuu wa shule, aliponiomba nitayarishe kijitabu cha jubilei, mwaka huo ndio niliouweka kwenye jalada. Tukachapisha nakala 200.

Siku ya sherehe, mama mmoja mwalimu mstaafu alikaa mstari wa mbele, amevaa kitenge cha jubilei. Alifungua kijitabu, akasoma kidogo, akakifunga na kukilaza mapajani. Hotuba zilipokwisha akanishika mkono, akaniambia polepole: "Mwanangu, haiko vile. Mwaka huu uliouandika, mimi nilikuwa tayari niko humu na dawati langu. Niliingia miaka minne kabla yake."

Hakunifokea. Alinihurumia, na hilo ndilo lililonikaa moyoni. Tangu siku ile nimekuwa nikirudia kazi yote upya, nyumba kwa nyumba, na kwa kuwa shule nyingi za Bukavu zinakaribia jubilei zao, najua kuna mwalimu mwingine atakayepewa kazi kama yangu kwa haraka kama nilivyopewa mimi. Namwandikia huyo.

Kwanza mwaka wa kuanzishwa. Shule huzaliwa zaidi ya mara moja. Kuna siku watoto wa kwanza walipoketi, mara nyingi katika darasa la shule ya msingi lililoazimwa mchana. Kuna siku jengo lilipobarikiwa. Kuna siku waziri alipotia sahihi ya kuitambua shule, na kuna siku finalisti wa kwanza, wale wa darasa la mwisho, walipokwenda kwenye Mtihani wa Serikali. Kibao chetu kilibeba mwaka wa sahihi ya waziri. Mama alihesabu tangu siku alipokaa kwenye benchi. Hakuna aliyedanganya. Kosa ni langu, nilichukua tarehe moja nikaifanya kuwa ndiyo shule nzima. Sasa naandika tarehe zote, na kila moja naieleza ni ya jambo gani.

Tena usidhani kwamba shule imekuwa sekondari siku zote. Kabla ya programu ya elimu ya mwaka 1948, mtoto wa Kongo aliyemaliza msingi hakuwa na njia nyingi: seminari, shule ya kuandaa wamonitere (walimu wa msingi), au ufundi. Kwa wasichana ilikuwa shule ya mambo ya nyumbani, kushona na kupika. Vyuo vyenyewe vya mjini, yaani sekondari zinazoitwa collège, vilijengwa kwa watoto wa Wazungu. Collège Alfajiri, ambayo kila mtu wa Bukavu anaijua, Wajesuiti waliianzisha mwaka 1938, wakati mji huu ungali unaitwa Costermansville, na mlango wake wa kwanza haukufunguliwa kwa ajili ya babu zetu. Kwa hiyo ukisikia mzee anasema "hapa palikuwa kwa wamonitere", usimkatize ukidhani anachanganya na shule nyingine. Huenda anakupa miaka 15 ya historia ambayo kibao hakiijui.

Sasa nije kwenye jambo lililonila muda mwingi kuliko yote, majina.

Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ikawa Zaire, na miezi michache baadaye majina ya Kikristo yakakatazwa. Shule nazo zikavuliwa majina ya watakatifu. Notre-Dame de la Victoire ikawa Alfajiri. Kule Lubumbashi, Saint-François de Sales ya Wasalesiani ikawa Imara. Mimi nayapenda majina haya. Ni Kiswahili chetu, mtoto analitaja jina la shule yake na analielewa. Lakini kwa mtu anayetafuta makaratasi ni kama mto uliokata barabara. Ukiandika barua kwa watunza nyaraka wa kimisionari kule Ubelgiji, kwa mfano KADOC ya Leuven, ukauliza habari za Alfajiri ya mwaka 1950, umeuliza kitu ambacho hakikuwepo kwa jina hilo. Jua kwanza jina la zamani la shule, jina la zamani la mji, na jina la shirika la mapadri au masista waliokuwa wanaisimamia. Bila hayo matatu usisumbue mtu.

Majina ya watu ni magumu zaidi. Rejista yetu moja iliyobaki ni daftari kubwa la jalada gumu jeusi, kona zimeliwa na mende, na linanuka moshi. Ukifika kwenye ukurasa wa darasa la tatu, unaona kazi ya kalaka (karani) mmoja aliyekuwa na mkono mzuri sana. Alichukua rula na wino mwekundu, akapiga mstari mmoja juu ya kila jina la ubatizo, ukurasa mzima, kutoka juu hadi chini. Kisha juu ya kila mstari, kwa herufi ndogo ndogo, akaandika jina jipya. Kwa mtoto mmoja alikosa nafasi, akaliandika pembeni likapanda ukingo wa karatasi. Kwa wengine watatu hakuandika kitu, mstari mwekundu tu. Niliutazama ukurasa ule muda mrefu. Sijui kama wale watatu walikuwa hawajachagua jina au walikuwa wamekataa.

Kwa kutokujua hili, nilikuwa nimehesabu watu wale wale mara mbili: mara moja kwa jina la ubatizo katika orodha za kabla, na mara ya pili kwa jina la ukoo katika orodha za baadaye. Idadi ya wanafunzi niliyoichapisha ilikuwa imevimba. Dawa niliyoipata ni daftari la safu mbili, jina la zamani kushoto na jipya kulia, na mtu wa kunithibitishia kila mstari. Mtu huyo si ofisi. Ni mwanafunzi wa darasa lile lile, aliyekuwa anaitwa kwenye apeli, kusomwa kwa majina, kila asubuhi pamoja na wenzake. Hata leo wapo wanaoweza kukutajia orodha yote kwa mpangilio wa mwalimu.

Karatasi isiyo na tarehe usiitupe, tazama muhuri. Ukisomeka République du Zaïre, karatasi haiwezi kuwa ya kabla ya Oktoba 1971. Ukisomeka Région du Kivu bila kusini wala kaskazini, kwa kawaida ni ya kabla ya 1988, mwaka ambao Kivu iligawanywa ikazaa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Ukiona République Démocratique du Congo, uliza ni ipi, ile ya miaka ya 1960 au hii iliyorudi Mei 1997. Ila kuwa mwangalifu. Muhuri mpya unagharimu pesa, na kalaka wa shule maskini hakimbilii kuchonga mwingine siku nchi inapobadili jina. Muhuri unakuambia karatasi haikuandikwa kabla ya wakati fulani. Usiulazimishe ukuambie zaidi ya hapo.

Kuna kipindi kingine ambacho ni lazima ukijue ili uelewe kwa nini kabati la prefe ni tupu. Mwisho wa mwaka 1974 serikali ilizichukua shule za makanisa zote. Tarehe 26 Februari 1977 ikatiwa sahihi mapatano ya kuzirudisha mikononi mwa makanisa, ndiyo maana mpaka leo tunasema shule za "conventionnée", yaani za mapatano. Kwetu, katika ile miaka miwili na kitu, padri aliyekuwa anaondoka ofisini alibeba rejista zake akazipeleka parokiani, na hakuna aliyekumbuka kuzirudisha. Nilizitafuta shuleni mwaka mzima. Zilikuwa parokiani, juu ya kabati la kanzu za watumishi wa altare, ndani ya sanduku la divai ya misa. Ukikosa kitu shuleni, jiulize shule ilikuwa ya nani wakati huo, kisha nenda ukabishe mlango wake.

Zile ambazo hazikuhama, nyingi zimekwisha. Mwaka 1967 mamluki wa Mbelgiji Jean Schramme waliushika mji huu kuanzia Agosti hadi mwanzo wa Novemba, watu wakaukimbia. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mto Ruzizi kwa maelfu, wakalala barabarani, makanisani, madarasani. Kwetu madawati yaliingia motoni, na kabla ya dawati karatasi ndiyo huwasha moto. Sisemi kwa kulaumu. Mama mwenye mtoto anayetetemeka usiku hawezi kuuliza kama karatasi mkononi ni buletini ya matokeo ya zamani. Lakini ndiyo sababu nasema: piga picha leo kila ukurasa uliobaki, na nakala usiiache jengo moja na daftari lenyewe. Kadutu tunaijua wenyewe, nyumba zimebanana, moto ukianza kwa jirani unamaliza mtaa.

Kwa hiyo wazee. Hapa ndipo ningetaka uweke nguvu zako zote, maana karatasi itasubiri kidogo, mzee hasubiri. Katika watu 14 niliowaandika kwenye orodha yangu ya kwanza, wanne wamekwisha kuzikwa kabla sijafika kwao. Mmoja nilimpigia simu Jumatatu tukaahidiana Jumamosi. Nilikwenda Jumamosi ile, nikaketi kwenye viti vya matanga.

Usiende na kalamu mkononi. Nenda na sukari, au sabuni, au mkate, ukae, uulize habari za watoto na wajukuu, ujitambulishe wewe ni mtoto wa nani. Siku ya kwanza huenda usiandike kitu. Na usiulize "ilikuwa mwaka gani?" Swali hilo linamtia mzee aibu, atakutajia mwaka wowote ili usione amesahau. Sisi hatukuishi kwa namba. Uliza: ilikuwa kabla ya Mulele au nyuma? Kabla ya Schramme? Mlikuwa mmeisha kuvua kravati na kuvaa abakosti, lile koti la enzi za Mobutu? Wakati wa wakimbizi? Mulele ni 1964, Agosti ile ambayo waasi walifika mpaka mjini na Kanali Mulamba akawarudisha nyuma, mpaka leo uwanja una jina lake. Ukiwa na nguzo hizo kichwani, mzee anakupa miezi, sembuse miaka. Mama yule wa kitenge, nilipomuuliza hivyo, alijibu bila kufikiri: "Nilianza mwaka ule ule Mulele walikuja, tulifungua masomo tukichelewa, na viatu vyangu vilikuwa vya dada yangu." Viatu vile ndivyo vilivyonipa mwaka wa kweli wa shule yetu. Dada yake yuko hai, anaishi Bagira, na anakumbuka vizuri lini alivitoa.

Wala usihoji wakubwa peke yao. Kijitabu changu cha kwanza kilijaa maprefe na mafundi wa siasa waliopita kwetu. Sentineli (mlinzi) wetu wa zamani ndiye aliyenieleza kengele. Ni rimu ya gurudumu la lori, imening'inia kwenye mwavokado, inagongwa na kipande cha nondo. Nimeisikia maisha yangu yote. Yeye anajua kwamba kengele ya kwanza ilikuwa ya shaba, ikaibwa, na wazazi wakachanga kununua rimu ile kwa mtu wa gereji ya Nyawera, wakaibeba kichwani kupanda mlima kwa zamu. Anajua pia upande gani imepigwa zaidi, na ukiigusa kwa kidole utakuta shimo. Wazazi hao hao ndio waliokuja kubeba mshahara wa walimu kwa "prime", mchango wa kila mzazi, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, serikali ilipoacha kulipa. Bila hao hakungekuwa na shule ya kuandikia historia, na katika nakala zangu 200 hawakuwa na mstari hata mmoja.

Picha: usiazime. Ukiazima itapotea na jina lako litapotea nayo. Iondoe ukutani mbele ya mwenyewe, iweke karibu na dirisha, ipige kwa simu mbele na nyuma, kisha muombe ataje kila aliye ndani kuanzia kushoto. Nyuma ya picha mara nyingi kuna muhuri wa studio au neno la kalamu. Na atakayekuambia "huyu msimuandike", mheshimu, andika kwenye daftari lako peke yako, uulize sababu siku nyingine. Vita vya mwaka 1996 na 1998 viliwapitisha wanafunzi wetu njia tofauti, wengine wanakaa mtaa mmoja mpaka leo. Mimi naandika yaliyotokea ndani ya uzio wa shule. Ya nje ya uzio nawaachia wenyewe mpaka watakapotaka kusema.

Kijitabu kipya bado hakijakwisha. Prefe amekubali kibao kipakwe upya, ila amesema nisimpe fundi mwaka kabla ya kumpelekea mama yule karatasi yote aisome. Jumamosi nakwenda Bagira kwa dada yake, yule wa viatu. Ameniambia kwenye simu kwamba chini ya kitanda ana valizi (sanduku la safari) ya marehemu mume wake, aliyekuwa kalaka kwetu, na kwamba ndani yake mna rula na madaftari mawili makubwa meusi. Sukari nimekwisha nunua.