Mwanangu anaimba besi. Chuoni watampokea?

SWALI: Dada, mwanangu wa pili amepata nafasi Lawrence University, mji wa Appleton, jimbo la Wisconsin, Marekani. Anakwenda kusoma biolojia. Tangu darasa la sita yuko kwaya ya usharika wetu. Sauti ilipovunjika akahamia besi, ile sauti nene ya chini, na siku hizi mwalimu akichelewa yeye ndiye anayewafundisha wenzake solfa, yaani kusoma wimbo kwa herufi d, r, m. Nasikia chuo chote kina wanafunzi kama 1,500 tu. Naogopa upweke. Baba yake anasema akifika huko asome, mambo ya kwaya ayaache Dodoma. Je, asiyesomea muziki anaruhusiwa kuimba? Na hizi solfa zetu zitamfaa?
Mama wa mwimba besi, Dodoma

JIBU: Shikamoo mama, na hongera kwa kulea.

Niseme mapema kwamba Lawrence sikusoma. Nilisoma chuo kidogo cha aina hiyohiyo, jimbo jirani, kuanzia 2009. Nilichukua uchumi, nikaimba alto miaka yote minne. Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu bila kusitasita: ataimba. Hapo Lawrence shule ya muziki iko ndani ya chuo hichohicho, na wapo wanafunzi wanaokaa miaka mitano wakatoka na shahada mbili, moja ya muziki na nyingine ya sayansi au fasihi. Lakini kwaya si za hao peke yao. Mtu wa biolojia anakwenda kwenye usaili wa sauti kama mwingine yeyote, akipita anapangiwa kwaya. Na besi ya kweli ni adimu kila mahali, hata usharikani kwako unalijua hilo.

Kwenye solfa ndipo nilipoaibika mimi. Wiki ya kwanza niliingia chumba cha mwalimu wa kwaya, akanipigia ngazi ya sauti kwenye piano, nikapanda nazo na kushuka, akatabasamu. Kisha akaniwekea karatasi: mistari mitano, nota zimekaa juu yake kama kunguru kwenye nyaya za TANESCO. Akanipa sauti ya kuanzia, akasubiri. Mimi niliyekuwa nasoma d, r, m na nukta pacha zake kama ninavyosoma gazeti, sikujua nianzie wapi. Nje baridi, mimi natoka jasho. Mwishowe nikamuuliza, "Do iko wapi?" Akanionyesha kwa ncha ya penseli. Nikaiazima ile penseli, nikahesabu mistari kwa kidole, nikaandika herufi zangu chini ya kila nota, kisha nikaimba kipande chote bila kukosea. Aliichukua karatasi akaitazama kwa muda. Akaniuliza kwetu ni wangapi wanaosoma hivi. Nikamwambia kwaya nzima, na kwaya ya jirani, na ya mtaa wa pili.

Asichokijua kijana wako ni kwamba solfa hizo zilitoka hukohuko kwa Wazungu. John Curwen alizieneza Uingereza katika karne ya 19, wamisionari wakatuletea, na sisi tukazishika. Sikio lake litakuwa mbele ya wengi. Jicho ndilo litakalokuwa nyuma. Basi miezi hii iliyobaki afundishwe nota za stafu, ile mistari mitano. Aanze na ufunguo wa besi peke yake, asijichoshe na mwingine. Mpiga kinanda wa kanisani anatosha, au kama kwenu kuna kijana aliyesomea muziki Chuo Kikuu cha Makumira, mwombeni. Nusu saa kila siku. Mimi nilijifunzia hukohuko usiku, na miezi mitatu ya kwanza nilikuwa naimba nusu mpigo nyuma ya jirani yangu, nikimsikiliza kwanza yeye.

Ajizoeze pia kuandika kwenye nakala. Sisi nakala ya wimbo tunaitunza kama cheti. Kule kila mwimbaji ana jalada jeusi na penseli, na usipoandika pale mwalimu alipokuambia uvute pumzi, anaona hukusikia.

Sasa upweke. Sitakudanganya kwamba hautakuwepo. Januari ya Wisconsin inamnyamazisha hata mwenyeji. Lakini udogo wa chuo unaouogopa ndio utakaomsaidia. Masomo yao ni mihula mitatu ya wiki kumi kumi, mambo yanakwenda mbio, na mtu wa kwaya huonana na watu walewale kila wiki. Tena aliyekaa naye kwenye besi atamkuta maabara, atamkuta foleni ya chakula. Mimi nilipokosa mazoezi mawili kwa mafua, sopra mmoja alinigongea mlango na supu ya kopo na jalada langu. Kwenye chuo cha watu elfu thelathini nani angejua kama nimeamka?

Lawrence ina vituko vyake pia. Tangu 1966 wanafunzi wanaendesha shindano la maswali kila mwaka; siku hizi ni Januari, kwa saa 50 mfululizo, watu hawalali, wanatafuta majibu ya mambo ya kipuuzi kabisa. Mwambie asikatae akialikwa.

Na ajiandae kuwa mwalimu wa matamshi. Kuna Sala ya Bwana kwa Kiswahili iliyotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa mwaka 2005, ikapata tuzo ya muziki ya Grammy mwaka 2011, na kwaya nyingi za vyuo huko zinaipenda. Ilipofika chuoni kwetu, watu sitini walikuwa wanaimba "em-binguni". Nilisimamishwa mbele nikawafunga midomo: mmm, halafu bi. Ilichukua siku mbili. Kuanzia hapo hakuna aliyekosea jina langu.

Mzee wa nyumbani sasa. Simbishii, ada si mchezo na shahada ndiyo safari yenyewe. Ila akipata nafasi msimulie habari za Fisk, chuo kidogo cha mji wa Nashville, Marekani, kilichofunguliwa 1866 kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Baada ya miaka mitano kilikuwa hakina hela. Tarehe 6 Oktoba 1871 wanafunzi tisa waliondoka na mhazini wao kwenda kuimba mji kwa mji, na baadaye wakaimba nyimbo za wazazi wao za utumwani. Mwaka 1873 waliimba mbele ya Malkia Victoria. Fedha walizoleta zilijenga jengo la chuo liitwalo Jubilee Hall, lililokamilika 1876 na bado limesimama. Kila tarehe 6 Oktoba chuo kinaikumbuka siku hiyo. Kwaya ndiyo iliyowalipia wenzao paa, baba.

Kuhusu mizigo: asibebe ngoma ya ngozi. Bidhaa za wanyama lazima zitajwe forodhani, na sitaki safari yake ianze kwa kuelezea mbuzi. Abebe suruali nyeusi na viatu vyeusi vya kufunga kamba, vilivyokwisha kuvaliwa. Tamasha ni saa mbili za kusimama.