Maswali na majibu: magari ya kale ya jeshi

Maswali ya safari hii yote yanahusu magari yaliyoundwa kwa ajili ya majeshi, kisha yakaishia mikononi mwa raia wa Lubumbashi na miji ya jirani, mengine shambani, mengine nyuma ya nyumba chini ya mwembe. Maswali yenyewe nimeyafupisha.

Marehemu babu yetu alituachia jeep iliyokuwa shambani upande wa Kipushi. Watu wanasema ni ya vita ya 40–45 (Vita Kuu ya Pili ya Dunia). Tutahakikishaje? (Msomaji wa Katuba)

Anzeni mbele. Jeep ya vita, iwe ya Willys (MB) au ya Ford (GPW), ina nafasi tisa katika bati linalokinga rejeta, ilhali CJ-2A ya kiraia, iliyofuata mwaka 1945, ina saba. Nyuma, ile ya vita haina mlango wa kushusha na tairi la akiba limefungwa hapo hapo; ya kiraia ina mlango, na tairi la akiba liko ubavuni. Mkisharidhika kuwa ni ya vita, ingieni chini mtazame chuma kinachounganisha mihimili miwili ya shasi mbele ya rejeta: kikiwa bomba la mviringo, shasi ni ya Willys; kikiwa chuma kilichokunjwa kwa pembe, ni ya Ford. Ford iligonga pia herufi F kwenye bolti na vipuri vyake vingi. Msishangae mkikuta mchanganyiko, kwa sababu kampuni hizo mbili zilitoa jeep zaidi ya 600,000 kwa ramani moja, na mafundi wa jeshi walihamisha vipuri kutoka gari moja hadi jingine bila kuuliza kilikotoka. Mimi huiamini shasi kuliko bodi.

Katika nchi yetu kuna uwezekano mwingine ambao wengi huusahau. Gari likiwa na sura ya Land Rover fupi, chukueni sumaku. Madigadi ya Land Rover ya Uingereza ni ya alumini, kwa hiyo sumaku haishiki. Ikishika, na madigadi ya mbele yakiwa yameinama kwa mshazari, inaelekea mna Minerva, ambayo ilianza kuundwa Antwerp mwaka 1952 kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji, ikiwa na bodi ya chuma. Hiyo nayo ni mali, na kutu yake inahitaji haraka zaidi.

Injini ya jeep yetu haijageuka kwa zaidi ya miaka ishirini. Fundi anataka kuivuta kwa lori ikiwa kwenye gia ili ilegee. Tumruhusu? (Msomaji wa Ruashi)

Msimruhusu. Ringi za pistoni zilizoshikwa na kutu zikivutwa kwa nguvu ya lori huvunjika au huchana silinda, na kazi ya siku chache za subira inageuka kuwa kazi ya kutafuta pistoni mpya.

Toeni plagi zote nne, mimineni katika kila silinda mchanganyiko wa mafuta ya taa na mafuta ya gia boksi otomatiki, mfunike matundu kwa kitambaa, mwongeze kila siku unapopungua. Wakati mnasubiri, ondoeni petroli yote ya zamani. Tangi la jeep liko chini ya kiti cha dereva, na petroli iliyolala humo huacha utomvu unaoziba kabureta. Fungueni pia sampu, yaani bakuli la mafuta chini ya injini, muioshe. Mafuta ya injini ya zamani hayakuwa na sabuni ndani yake kama ya leo, hivyo tope lote lilikaa chini kwa utulivu. Mkimimina mafuta mapya juu yake, tope litaamka na kwenda kuziba njia za mafuta.

Baada ya hapo jaribuni hendeli ya mkono, kwa upole, plagi zikiwa bado nje. Weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, kamwe usikizungushe hendelini, kwa sababu siku injini itakapowaka na kurudisha pigo, mkono uliokumbatia hendeli huvunjika. Isipogeuka, tieni gia ya juu, kisha watu wawili wasukume gari mbele na nyuma, sentimita chache tu kila upande. Ikilegea, msikimbilie betri: fungueni kifuniko cha valvu kilicho ubavuni mwa injini, mwone kama kila valvu inapanda na kushuka. Injini hii ina valvu kando ya silinda, si juu yake, kwa hiyo valvu iliyonata haigongwi na pistoni, lakini silinda yake haitakuwa na mgandamizo na mtailaumu kabureta bure.

Msomaji mwingine ameuliza kama petroli ya sasa, isiyo na risasi, itaiharibu injini hiyo. Uwiano wake wa mgandamizo ni mdogo sana, 6.48 kwa 1, na iliundwa kwa petroli dhaifu kuliko inayouzwa leo. Atumie bila hofu, mradi achuje.

Fundi umeme anasema tuache volti 6 tuweke betri ya volti 12, kwani stata inageuka kivivu. Ni sawa? (Msomaji wa Kamalondo)

Stata ya volti 6 mara nyingi huvumilia 12, lakini balbu, koili na saa (vipimo) za dashibodi hazivumilii. Anayebadilisha abadilishe vyote, pamoja na dinamo na regileta (kidhibiti chaji) yake, au asiguse kitu. Binafsi ningebaki na 6. Kwa kazi ileile, volti zikiwa nusu mkondo wa umeme huwa mara mbili, na ndiyo maana nyaya za awali zilikuwa nene. Uvivu anaousikia fundi wenu kwa kawaida hutokana na waya mwembamba wa gari la kisasa uliofungwa humo, au na mahali pa kufungia waya wa bodi palipopakwa rangi juu ya kutu. Fungeni waya mnene, sugueni hadi chuma king'ae, kisha mjaribu upya. Betri za volti 6 hutumiwa katika mitambo ya umeme wa jua. Pimeni kimo kabla ya kulipa, kwa kuwa nyingi ni ndefu kuliko nafasi iliyopo.

Mwenye Unimog 404, lori dogo la jeshi la Mercedes-Benz, ambayo ni ya volti 24, asichukue volti 12 za redio kutoka katika betri moja kati ya mbili. Moja itakuwa na njaa, nyingine itachemka.

Tumepata trela ndogo ya magurudumu mawili ya jeep. Ibebe magunia mangapi ya makaa? (Msomaji wa Kampemba)

Hesabu uzito, usihesabu magunia. Iliundwa kubeba robo tani, na kwa kuwa tani ya Marekani ni kilo 907, mzigo ni takriban kilo 227. Breki yake ni ya mkono, ya kuegeshea tu. Ukiwa barabarani, jeep ndiyo inayosimamisha kila kitu, na dramu zake ni ndogo. Uzito ukae mbele kidogo ya ekseli, la sivyo mkia utaanza kucheza kwenye mteremko. Bodi ya trela hiyo iliundwa ielee majini, kwa hiyo haivuji, na masika inageuka pipa: acheni vizibo vya sakafu wazi.

Jambo la kuogopwa ni rimu za vipande viwili zilizofungwa kwa nati. Hakuna nati ya kuguswa kabla ya kutoa sindano yote ya valvu na kuhakikisha tairi halina hewa kabisa. Rimu za malori ya zamani zenye ringi ya kufungia ni mbaya zaidi: zijazwe hewa zikiwa ndani ya kizimba cha chuma au zimezungushiwa mnyororo mzito, fundi akiwa ubavuni na bomba refu. Ringi ikiruka, inaua. Anayejaza akiwa ameiinamia rimu, mwondoeni hata kama ni mzee wa kazi.

Nimepata saa za dashibodi na dira za kale. Baba anasema namba zake zilikuwa ziking'aa usiku, sasa ni za kahawia. Naweza kuzifungua nizipake rangi mpya? (Msomaji wa Likasi)

Usizifungue. Rangi ya namna hiyo mara nyingi ilikuwa radiamu iliyochanganywa na salfidi ya zinki. Kilichochoka ni salfidi, ndiyo maana haing'ai; radiamu bado ipo, kwani huchukua miaka takriban 1,600 kupungua kwa nusu. Na kwa kuwa unaandika kutoka Likasi, niruhusu nitoke njiani kidogo: mgodi wa Shinkolobwe, ambako urani iligunduliwa mwaka 1915, uko jirani yako. Mawe yake yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, ambako radiamu ilianza kutolewa mwaka 1922, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya radiamu iliyouzwa duniani ilitoka humo. Huenda saa zako zimerudi kwao.

Kioo kikiwa kizima, hatari ni ndogo. Kioo kikipasuka, rangi iliyokauka huwa unga, na unga huo ukivutwa au kumezwa hujikusanya mifupani, kwa sababu mwili huipokea radiamu kama kalsiamu. Wasichana waliopaka saa rangi hiyo katika viwanda vya Marekani baada ya 1917, wakichongoa brashi kwa midomo, walioza taya na wengi walikufa. Basi ziweke katika mfuko mnene ndani ya sanduku, nje ya chumba cha kulala, mahali penye hewa, kwani radiamu hutoa gesi ya radoni; nawa mikono kila unapozishika, na usiwape watu wa vyuma chakavu. Kwa kupimwa, anza kuuliza kitivo cha sayansi cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Gari lenyewe lifungwe saa mpya zisizo na radiamu.

Tahadhari hiyohiyo ya vumbi inahusu bitana za breki na klachi za zamani, zenye asbesto: zilowesheni, msizipulize kwa kompresa.

Nataka kuirudishia jeep kijani cha jeshi na nyota nyeupe. Kuna ubaya? (Msomaji wa Lubumbashi)

Nchini mwetu askari wako barabarani kikweli, na gari la kijani husomwa kuwa gari la jeshi kabla ya mtu kuona namba yake. Pata kwanza ruhusa ya maandishi kutoka kwa wenye mamlaka. Hadi hapo, tumia rangi ya kiraia, bila alama yoyote ya FARDC (jeshi la nchi yetu). Usiposugua rangi yote, utafaidika: acha kipande cha rangi ya asili ndani ya boneti, kitakusaidia kulinganisha siku ukiruhusiwa, na popote unaposugua tumia msasa wa maji, kwa kuwa rangi za enzi hizo zilikuwa na risasi.