Kabla hujanunua pampu kubwa, pima presha

Msimu wa korosho ukishachangamka, Mtwara mjini nyundo hazilali. Mwenye vyumba vitatu anaongeza cha nne chenye choo cha ndani, na simtenki mpya zinapita barabarani juu ya maguta na Kirikuu kuelekea Chikongola, Ligula na kwingineko. Miezi michache baadaye lalamiko huwa lile lile: maji hayana nguvu. Bafu la ndani linatoa uzi mwembamba, hita haiwaki, mpangaji ananuna. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi utaambiwa ununue pampu kubwa zaidi.

Nimekaa miaka mingi nikisimamia nyumba ya familia yetu Shangani, yenye wapangaji, tanki la juu, pampu na hita, na ninalosisitiza kwa kila anayeniuliza ni hili: presha hupimwa, haikisiwi. Nunua geji ya maji, ile ya mviringo yenye sindano, inayofungwa kwenye bomba la nje la nusu inchi. Bei yake haifiki hata karibu na bei ya pampu. Isome mara mbili. Kwanza bomba zote zikiwa zimefungwa, kisha mtu afungue bafu ndani wewe ukiwa unaitazama sindano. Ikiwa ya kwanza ni nzuri lakini maji yakifunguliwa sindano inaporomoka, tatizo lako liko njiani: mpira au bomba jembamba, koki iliyofunguliwa nusu, au kichujio kilichojaa mchanga. Ikiwa hata bomba zikifungwa sindano haipandi, hapo ndipo uzungumzie kimo cha tanki au pampu.

Kimo ndicho wengi hawakielewi. Maji yaliyosimama mita 10 juu ya bomba hulipatia bomba hilo presha ya takriban bar 1, yaani psi 14 na nusu. Kila mita moja ni sehemu ya kumi ya bar, basi. Sasa tazama minara yetu mingi: nguzo za mita tatu, tanki juu yake, na kichwa cha bafu kiko mita mbili kutoka chini. Maji yakipungua tankini, yanayosukuma bafu lako ni mita moja tu ya kimo. Hiyo ni bar 0.1, na hita nyingi za papo kwa papo hazitawaka kwa nguvu hiyo hata umeme uwe mzuri kiasi gani.

Halafu mtu anauza tanki la lita 1,000 anunue la lita 5,000 akitegemea presha itaongezeka. Haiongezeki. Ukubwa wa tanki unakupa siku nyingi za maji, hauongezi nguvu. Nguvu inatokana na kimo cha maji peke yake. Waliokulia Newala hawahitaji kuelezwa sana jambo hili, maana maji yao hupandishwa kutoka bondeni Kitangari hadi juu ya uwanda wa Makonde, na kila mita ya kilima inalipiwa kwa nguvu ya pampu. Lindi mjini nako, nyumba iliyo juu mlimani ikiwa imezidi ya ufukweni kwa mita 20, inapokea bar 2 pungufu kutoka bomba moja la mtaa. Hakuna fundi atakayeirekebisha hiyo kwa kubadilisha koki.

Kwa hiyo ukijenga mnara, ongeza kimo chake kabla ya kumwaga zege, na bomba linaloshuka kutoka tankini liwe la inchi moja au zaidi, ndipo ugawe nusu inchi kwenda bafuni na jikoni. Bomba hilo lishuke moja kwa moja. Likipanda na kushuka tena juu ya dari, hewa hunaswa kwenye ule mgongo, na kwa presha ndogo ya mnara maji hayana nguvu ya kuisukuma itoke.

Wenye pampu inayojiwasha yenyewe wanasumbuliwa na jambo jingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeona pampu nyingi nzima zikitupwa. Dalili ni hii: unafungua bomba kuosha mikono, pampu inawaka, inazima, inawaka, inazima, kila baada ya sekunde chache. Wengi husema swichi imeharibika. Mara nyingi mgonjwa ni ule mtungi wa chuma unaokaa pembeni ya pampu. Ndani yake mna mpira unaobeba maji, na kati ya mpira na chuma mna hewa. Maji hayabonyei, hewa inabonyea. Ile hewa ndiyo inayoendelea kusukuma maji wakati pampu imepumzika. Ikivuja kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, pampu inabaki bila msaidizi na inawashwa kwa kila kikombe cha maji. Mota inachemka, na umeme wa Luku unaisha mapema.

Kuipima hewa hiyo hakuhitaji fundi. Zima umeme wa pampu kwenye swichi kuu. Funga koki ya maji yanayoingia. Fungua bomba la chini kabisa mpaka geji isome sifuri na maji yaache kutoka. Ukipima mtungi ukiwa na maji utapata namba ya uongo. Kisha fungua kifuniko cha mtungi upande wa nyuma, utakuta kipira cha kujazia upepo kama cha tairi. Tumia geji ile ile ya mafundi wa bodaboda. Hewa iwe chini kidogo ya presha inayowasha pampu, pungufu kwa psi 2 hivi. Pampu nyingi ndogo za nyumbani huwaka kwenye psi 20 na kuzima kwenye psi 40, basi hewa iwe 18. Imepungua? Ijaze kwa pampu ya baiskeli. Ukibonyeza kile kipira yakatoka maji badala ya upepo, mpira wa ndani umepasuka. Mitungi mingi hufunguka na mpira wake unauzwa peke yake, kwa hiyo usikubali kuambiwa ununue pampu nzima.

Binamu yangu anaishi Uingereza, ambako nyumba hupashwa joto kwa maji ya moto yanayozunguka kwenye vyuma vya ukutani. Aliponieleza matatizo ya boila yake nilishangaa jinsi mambo yanavyofanana. Kule mfumo umefungwa, geji inatakiwa isome kati ya bar 1 na 1.5 maji yakiwa baridi, ipande kidogo yakipata moto, na valvu ya usalama hufunguka kwenye bar 3. Nao wana mtungi wenye mpira na hewa. Hewa ikiisha, sindano inaruka juu kila maji yanapopata moto, valvu inamwaga nje, kisha yakipoa presha inaanguka chini kabisa. Kila siku anaongeza maji, kumbe alitakiwa kuongeza upepo.

Pampu ikiwaka usiku wa manane hakuna aliyefungua bomba, hiyo ni habari nyingine. Funga koki ya kutoka kwenye pampu kwenda nyumbani, uitazame geji iliyo upande wa pampu. Sindano ikishuka, maji yanarudi nyuma kwenye nonritani, ile valvu ya njia moja inayotakiwa kuyazuia yasirudi. Ikitulia, maji yanapotea ndani ya nyumba, na wa kwanza kuchunguzwa ni tanki la choo. Weka rangi ya chakula kidogo ndani ya lile tanki. Ikionekana kwenye bakuli bila kuvuta maji, umempata mwizi.

Sasa hita, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Kuanzia Juni, kusi likivuma, hata pwani yetu asubuhi zinakuwa za ubaridi na nyumba za wageni zinafunga hita za tanki. Maji yakipata moto hutanuka. Hita ya lita 50 ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 65, maji yale yanaongezeka kwa takriban lita 0.8, na lazima yaende mahali. Ndiyo maana chini ya hita kuna valvu ndogo ya usalama, mara nyingi imeandikwa bar 8 au chini ya hapo, inayodondosha matone hita ikiwa inawaka. Matone hayo ni kazi yake halali. Nimekuta nyumba ya wageni ambako tundu la valvu hiyo lilizibwa kwa kipande cha mti na gundi, eti linachafua vigae. Nilimwambia mama mwenye nyumba, "Shikamoo mama, tafadhali zima hita hii sasa hivi," na nashukuru alinisikiliza. Tanki la chuma lenye maji ya moto yasiyo na pa kutokea linaweza kupasuka na kuua aliyeko bafuni.

Funga mpira mdogo kwenye tundu hilo, uyapeleke matone kwenye sinki au nje, mwisho wake ubaki wazi. Kusiwe na koki yoyote kati ya valvu na hita. Kila mwezi inua kile kikono uone maji yanatoka, maana visima vyetu vingi vya pwani vina chokaa, ule utando mweupe unaoujua kwenye birika, na chokaa huigandisha valvu ikiwa imefungwa. Ikidondosha hata hita ikiwa imezimwa na imepoa, pima presha inayoingia ndani kabla ya kuilaumu.

Na kwa walio karibu na bahari, Mikindani au Shangani: hewa ya chumvi inakula geji. Ukitoa presha yote sindano inatakiwa irudi sifuri. Ikibaki kwenye psi 15 au ikikwama ukiigonga kwa kidole, usiiamini tena. Itoe ufunge mpya.