Chembe sahani zikishuka kwa mwenye VVU au homa ya ini

Majibu ya picha kamili ya damu yakirudi na chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia damu kuganda jeraha linapotokea) 62, yaani elfu 62 kwa kila mikrolita ya damu, wakati kawaida ni 150 hadi 450, usikimbilie majani ya mpapai. Ulizia kwanza damu ilivyotolewa. Mshipa ukisumbua, au chupa ya kifuniko cha zambarau isipogeuzwageuzwa taratibu mara 8 hadi 10, damu huganda vibonge na mashine huhesabu pungufu. Wapo ambao dawa ya kuzuia damu kuganda iliyomo chupani ndiyo inayogandisha chembe zao. Hao waangaliwe kwa hadubini, au watolewe damu upya kwenye chupa ya kifuniko cha bluu na hesabu izidishwe kwa 1.1.

Zikishuka ghafla pamoja na homa, huku Mtwara na Lindi pima malaria kabla ya lolote. Na msimu wa mabibo, sema ukweli kuhusu uraka, pombe ya mabibo: pombe hudhoofisha uboho, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza chembe za damu.

VVU hufanya kinga ya mwili izishambulie chembe, na huudhuru uboho unaozitengeneza. Dawa za kufubaza ndizo huzipandisha, kwa hiyo anayeziacha akidhani ndizo chanzo anajimaliza.

Homa ya ini B au C ni kisa kingine. Ini likijaa makovu, presha ya mshipa unaoingia humo hupanda, bandama huvimba na kuzifungia chembe; ini lenyewe nalo hupunguza homoni inayouamuru uboho uzalishe. Namba inayoteremka mwaka hadi mwaka inazungumzia ini. Mwombe daktari apige APRI, hesabu ya kukadiria makovu ya ini: AST (kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu) igawanywe kwa kikomo cha juu cha kawaida cha maabara, izidishwe kwa 100, igawanywe kwa chembe sahani. AST 80, kikomo 40, sahani 100: jibu ni 2. Kwa homa ya ini B, mwongozo wa WHO wa 2024 unahesabu zaidi ya 0.5 kuwa makovu ya kutibiwa, na zaidi ya 1 kuwa ini lililosinyaa.

Chembe sahani zikiwa chini ya 50, mwambie kila mtoa huduma kabla ya kung'oa jino au kuchomwa sindano ya msuli. Achana na aspirini na diklofenaki. Parasetamoli inafaa, ila kwa ini bovu isizidi vidonge 4 vya miligramu 500 kwa siku.

Choo cheusi kama lami, kutapika damu au kichwa kuuma ghafla kama kinapasuka: hata ukiwa Newala au Nachingwea, nenda hospitali papo hapo, usingoje gari la alfajiri.